Mfupa Umegoma Kuunga

SWALI: Daktari, mdogo wangu alivunjika muundi kwa ajali ya bodaboda. Mfupa umegoma kuunga, sasa wanataka kumchota mwingine nyongani wampandikize. Nasikia kompyuta zinabuni dawa ya kuotesha mfupa. Tusubiri?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Msisubiri, dada yangu. Mfupa wake mwenyewe una seli hai za kujenga mfupa mpya. Nyonga itauma, sikufichi.

Ulichosikia ni kweli, ila kingali maabara. Dawa hizo ni peptidi: kila peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Mmoja, P-15, wenye asidi amino 15 zilizoigwa kutoka kolajeni, protini iliyomo mfupani, uliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa upasuaji wa pingili za shingo. Kupata mwingine ni kazi kubwa: mnyororo wa asidi amino 10 tu una michanganyiko zaidi ya trilioni 10. Programu za kompyuta hufunzwa kwa peptidi zilizokwisha kupimwa, kisha huchagua chache za kujaribiwa kwenye seli, halafu kwa wanyama. Nyingi hukwama hapo, maana seli za kwenye kisahani cha maabara hazibebi uzito wa mwili.

Kama anavuta sigara, aache leo. Huchelewesha mfupa kuunga. Na kabla ya upasuaji, muulizeni daktari wake kama amehakikisha mfupa hauna maambukizi.