Kabla hujaitenga rejista kwa ajili ya kerneli

Unapoandika kerneli yako ya kwanza, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, wazo hili litakujia tu. Kerneli inauliza "ni uzi gani unaoendeshwa sasa?" kila mara (uzi ni mfuatano mmoja wa amri za programu), basi weka anwani ya uzi huo kwenye rejista moja, nafasi ndogo ya kuhifadhi iliyo ndani ya prosesa, mkataze kompaila kuigusa (GCC ina chaguo la `-ffixed-` unalolimalizia kwa jina la rejista), kazi imekwisha. Nami nilianza hivyo.

Kwanza hesabu rejista ulizonazo. x86 ya biti 32 (prosesa za Intel na AMD) ina 8 za matumizi ya jumla, na moja tayari ni ya steki, eneo la kumbukumbu la data ya muda ya funksheni. Ukichukua nyingine, kompaila ataanza kumwaga thamani kwenye steki na kuzisoma upya, hata ndani ya funksheni isiyohitaji kabisa kujua uzi ni upi. Ndiyo maana kwa miaka mingi Linux kwenye mashine hizo haikutenga kitu: steki ya kerneli ilikuwa ya baiti 8192, imepangwa kwenye mpaka wa ukubwa huo huo, kwa hiyo ukifuta biti 13 za chini za rejista ya steki unapata anwani ya rekodi za uzi. Kwenye RISC-V yenye rejista 32, moja ikiwa sifuri ya kudumu, hasara hiyo hutaihisi. ARM ya biti 64 ina ujanja ninaoupenda zaidi: Linux huiweka anwani kwenye `sp_el0`, rejista ya steki ya mtumiaji, ambayo kerneli ikiwa kazini haina shughuli nyingine.

Gharama iliyoniumiza mimi ilikuwa mlangoni, pale prosesa inapoingia na kutoka kwenye kerneli. Kwenye RISC-V nilichagua `tp`, nikasahau kuwa programu za mtumiaji nazo huitumia kufikia data ya kila uzi. Programu zangu ndogo zilikwenda vizuri. Kubwa zilikufa kila zilipogusa `errno`, namba ya kosa ambayo kila uzi una yake. Nililaumu maktaba ya C siku mbili nzima, mpaka nilipoitazama vizuri anwani iliyoleta hitilafu: ilikuwa ya kerneli. Nilikuwa narudi kwa mtumiaji bila kumrudishia `tp` yake.

Dawa ni amri moja mwanzoni kabisa mwa njia ya kuingilia:

`csrrw tp, sscratch, tp`

Inabadilishana `tp` na `sscratch`, rejista ya akiba ya kerneli: ya mtumiaji inahifadhiwa, ya kerneli inakuja. Lakini je, katizo (ishara inayoikatisha prosesa ishughulikie jambo jingine) likitokea wakati tayari uko ndani ya kerneli? Hapo ukibadilishana kiholela umejichimbia shimo. Linux huacha sifuri kwenye `sscratch` muda wote iwapo ndani, hivyo baada ya kubadilishana, `tp` ikiwa sifuri inajua imetoka ndani na inairudisha. x86-64 ina kitendawili hicho hicho kwa `swapgs`, amri inayobadilishana anwani ya GS ya mtumiaji na ya kerneli, tena kigumu zaidi: katizo lisilozuilika linaweza kuingia kabla `swapgs` haijatekelezwa, prosesa ikisema uko kerneli ilhali GS bado ni ya mtumiaji.

Jingine: rejista ishike uzi, usiipe data ya prosesa kama huna sababu nzito. Uzi ukihamishiwa prosesa nyingine, anwani yake haibadiliki. Anwani ya data ya prosesa hubadilika, na nakala uliyokwisha kuisoma itakupeleka kwenye kihesabu cha jirani. x86-64 huponea kwa amri moja isiyokatika katikati, kama `incq %gs:kihesabu`. RISC-V haina amri ya namna hiyo, kwa hiyo huko zuia kwanza kuhamishwa, ndipo usome.