Kabla ya Kuwasha Kamera, Zima Feni

Filamu yangu kuhusu Barawa, mji wa pwani ya Somalia walikotoka wazazi wangu, ilianza na hasara. Nilimkalisha ami yangu sebuleni, hapa Mombasa, akazungumza saa mbili nzima. Usiku nilipovaa hedifoni nikasikia feni ikivuma na ami akinong'ona nyuma yake. Picha mbaya mtu ataivumilia, sauti mbaya atazima. Kwa hiyo pesa ya kwanza utakayopata nunua maiki ndogo ya kubana nguoni. Kamera ya simu itatosha.

Mimi Barawa sijafika. Wazazi wangu walitoka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na kila kundi lenye bunduki likawa linapita kupora. Walikuja kwa jahazi, wakaishi kambini. Jamaa wengine walichukuliwa Marekani, ndiyo sababu leo Columbus na Atlanta kuna watoto wanaofokewa kwa Chimiini, lugha ya Barawa.

Nilikuwa nauliza, "Tuelezee nyumbani kulikuwaje." Kila mzee akanipa hotuba ile ile: mji mzuri, watu wakipendana. Miezi ikapita hivyo. Siku moja mama alikuwa akichagua maharage, nikamwambia anipangie njia kwenye sinia, kutoka mlango wao hadi pwani. Harage hili nyumba ya fulani, hili msikiti, hapa kisima. Jirani yetu aliyekuwa ameketi pembeni akaruka: kisima hakikuwa hapo! Walibishana nusu saa, na katika ubishi huo wakatokea washona viatu, wafuma kofia, mwanamke aliyeazima sufuria asirudishe. Filamu yangu ni sinia ile. Nani alisema kweli sikutafuta. Nimewaacha wote wawili.

Muziki wa kununua sikuutia. Shangazi alinighania beti za Dada Masiti, mshairi wa Barawa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, nikamrekodi akiwa jikoni. Maandishi ya chini ya picha, ya kutafsiri maneno yao, niliyaandika mwenyewe, kwa kiburi cha kudhani Chimiini ni Kiswahili kilichopinda kidogo. Ni ndugu, si kitu kimoja. Mzee aliyenisahihisha alicheka hadi akakohoa, na ningemwita mapema nisingerudia kazi ya wiki tatu.

Nakala za ulichorekodi weka sehemu tatu, moja iwe nje ya nyumba yako.

Jambo lililonichoma ni lingine. Shangazi alitaja mbele ya kamera waliovunja nyumba yao. Ndicho kipande kilichokuwa na nguvu kuliko vyote. Wiki iliyofuata akanipigia: bado tuna watu kule, mwanangu, kitoe. Nilikitoa. Nilinuna, lakini nilikitoa. Tangu hapo kila mtu namwonyesha sehemu yake kabla sijamaliza, na ruhusa yake naichukua upya, maana ruhusa ya siku ya kurekodi hutolewa na mtu aliyepandwa na hamu ya kusema.

Tuliionyesha kwanza nyumbani, kwa shuka iliyotundikwa ukutani. Sinia lilipotokea, mama aliniamuru nisimamishe, akamgeukia jirani:

"Kile kisima, dadangu, hata leo nasema kilikuwa kushoto."