Ukichonga picha ya mtu wa kazi ngumu, anza na uzito

Nilipoanza kuchonga lino, yaani lile shiti laini unalolichonga, unapaka wino, afu unaligandamiza karatasini kupata picha (ndo chapa yenyewe), nilitengeneza chapa ya jamaa wa mkokoteni, nikampa misuli ya maana, kifua mbele, macho yanatazama mbali, nikaona kazi imeiva. Nikaenda kumuonyesha mzee mmoja anayebeba mizigo Kariakoo, akaitazama weee, afu akaniambia, "Mwanangu, huu mkokoteni hauna kitu." Na magunia nilikuwa nimeyachora kabisa, ila yule mtu kasimama wima kama yuko studio anapigwa pasipoti.

Neno lile ndo lilinirudisha kwa Käthe Kollwitz, msanii wa chapa, Mjerumani, mume wake alikuwa daktari wa wafanyakazi kule Berlin kwahiyo watu waliochoka alikuwa anawaona kila siku. Kwenye chapa zake 7 za Vita vya Wakulima, ule uasi wa zamani wa wakulima wa Ujerumani, zilizotoka 1908, kuna wanaume wawili wanavuta plau wenyewe kama ng'ombe, miili imelala mbele mpaka inakaribia udongo. Misuli ya kujionyesha hamna. Ukiwatazama unaanza kuumwa kiuno wewe.

Sasa ushauri wangu, kabla hujashika kisu nenda kabebe. Mi niliomba nisukume mkokoteni wa kweli kidogo tu mpaka barabarani, ndo nikajua nguvu haitoki mikononi, inatoka kwenye vidole vya miguu, kichwa kinashuka chenyewe na mbele huoni vizuri, yaani hilo kwenye picha ya simu hulipati hata uikuze vipi.

Afu tafuta kitu kimoja kidogo cha kweli. Elizabeth Catlett, msanii Mmarekani mweusi aliyehamia Mexico akafanya kazi na Taller de Gráfica Popular, karakana ya wachapaji iliyoanzishwa 1937, alichonga mama anayelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Kofia pana ya majani, na koti kalishikiza kwa pini. Pini tu, lakini umasikini wote wa yule mama upo pale, na heshima yake haijaguswa.

Na kumbuka chapa inageuza. Yule mzee anabebea bega la kulia, nikachonga la kulia vilevile, karatasini likatoka la kushoto, akaliona hapohapo. Siku hizi nachora kwanza kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, naigeuza juu ya lino, ndo nafuata mistari.