Shoka linakwama kwa gogo la blugamu na mpini unavunjika, ninunue gani?

Swali: Fundi habari yako. Niko na hoteli ndogo hapa Mbale, Vihiga, na napika na kuni. Mwezi uliopita nilinunua shoka jipya kwa hadiwea, kijana wangu akalinoa mpaka likawa kama wembe, lakini akipiga gogo la blugamu linazama tu na kukwama, anapoteza dakika kumi akilivuta. Mpini umeshavunjika mara mbili, palepale unapoingia kwa chuma. Jirani ananiambia nitafute lile zito la kilo nne. Nisaidie, na pia niambie kama kuni zinapasuliwa zikiwa mbichi ama zingojwe zikauke kwanza.

Jibu: Mama, asante kwa swali, na pole na hiyo mipini. Kijana wako hana makosa na shoka lenyewe si bovu, shida ni kwamba uliuziwa shoka la kukatia na kazi yako ni ya kupasua, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa hata kama dukani yote yametundikwa ukuta mmoja na yote yanaitwa shoka. Kukata ni kuvuka nyuzi za mti, unaangusha mti ama unatoa tawi, hapo unataka chuma chembamba chenye makali kiingie. Kupasua unafuata nyuzi, hukati kitu, unazisukuma tu ziachane. Sasa chuma chembamba ukikipiga kwa kichwa cha gogo kinaingia vizuri halafu kinabanwa pande zote mbili, kama kisu kwa kiazi kitamu kibichi, na vile kilinolewa kama wembe ndio kinazama zaidi.

Ukirudi dukani usiangalie rangi wala sitika. Shika shoka makali yaelekee chini, ulitazame kutoka juu kwa kichwa. La kukatia mashavu yake ni bapa, kutoka kwa tundu la mpini mpaka kwa makali linapungua polepole kama kisu. La kupasulia mashavu yamevimba, linaanza na makali halafu linanenepa haraka, ni kabari iliyowekwa mpini. Hayo mashavu ndiyo yanafanya kazi, makali ni ya kufungua mlango tu. Kwa hivyo la kupasulia halihitaji kuwa wembe, nolea na tupa liwe na makali ya wastani yasiyo membamba, inatosha. Na usikubali mtu akupigie na grainda mpaka chuma kiwe na rangi ya bluu, hiyo bluu inamaanisha chuma kimepata moto sana na ugumu wake umeenda, kitakuwa kikijikunja kila siku.

Kuhusu kilo nne, hapana mama. Naelewa kwa nini jirani anafikiria hivyo, hata mimi nikianza hii kazi nilinunua zito kuliko wote pale yadi na saa nne asubuhi mabega yalikuwa yamekwisha. Nguvu ya pigo inatoka kwa uzito na kwa mwendo, lakini mwendo ndio mkubwa. Ukiongeza uzito mara mbili nguvu inaongezeka mara mbili, ukiongeza mwendo mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Kijana akibeba kilo nne anainua polepole na anaangusha polepole, na akichoka anaanza kukosea, na kukosea na shoka si kama kukosea na jembe. Mtafutie kichwa cha kilo 2 mpaka 2.5, akizoea na akiwa na mwili anaweza kupanda karibu 3. Mengi yamegongwa uzito kwa shavu, na yakiandikwa kwa paundi jua paundi 4 ni kama kilo 1.8 na paundi 6 ni kama kilo 2.7. Hiyo kilo nne wekea nyundo, nitaifikia.

Urefu wa mpini uwe kati ya sentimita 70 na 90. Watu wengi huku wanapenda mfupi wakidhani ni salama, na ni kinyume chake, kwa sababu ukikosa gogo na mpini mrefu chuma kinaishia kwa udongo mbele yako, lakini ukikosa na mfupi kinaendelea kuzunguka mpaka kwa muundi wako. Nimeona muundi uliopigwa hivyo, sitaki kuona tena.

Sasa mpini, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa yako inapotea. Kuvunjika palepale kwa chuma kunatokana na vitu vitatu. Cha kwanza ni kupitiliza, kijana anapiga, chuma kinavuka ukingo wa mbali wa gogo na shingo ya mpini ndiyo inagonga mti. Mwambie asimame nyuma kidogo na alenge ukingo wa karibu naye, si katikati wala ule wa mbali, ili hata akikosea chuma kianguke mbele ya gogo. Cha pili ni hilo la kuvuta, shoka likikwama anashika mwisho wa mpini na kulitingisha kushoto kulia, hapo anavunja mpini kwa mkono wake. Likikwama apige mwisho wa mpini na kiganja kuelekea chini, mara mbili tatu, kichwa kinainuka chenyewe. Cha tatu ni mti wenyewe. Angalia mpini kwa ncha yake, ile mistari ya mti inafaa ielekee upande ambao makali yanaelekea, isikate kushoto kwenda kulia. Halafu fuata mistari kwa urefu, ikianza juu itembee mpaka chini bila kutokea ubavuni, pale mstari unapotokea ubavuni ndipo utavunjika, hata uwe mpya namna gani. Mipini ya hadiwea mingi imepakwa vanishi nzito na mistari huioni vizuri, kwa hivyo mimi huchonga wangu. Mpera uliokauka unafanya mpini mzuri sana, na lusiola pia, ile Wajaluo wanaita siala, na yote mawili iko kwa maboma mengi huko kwenu. Chagua tawi lililonyooka, lipasue badala ya kulipiga msumeno ndio ufuate nyuzi zake, na ulikaushe kivulini miezi kadhaa kabla ya kuchonga. Ukiweka mbichi utakauka ndani ya tundu, utapungua, na kichwa kitaanza kucheza.

Kuingiza kichwa usigonge chuma na nyundo. Shika mpini wima, kichwa kikiwa chini kinaning'inia hewani, halafu gonga mwisho wa juu wa mpini na nyundo ya mbao. Utashangaa, chuma kinapanda mpini chenyewe kila ukigonga, kwa sababu ni kizito na hakitaki kusonga mpini unaposhuka. Utasikia sauti ikibadilika kutoka kwa ile ya kutetema mpaka iwe moja, ngumu, hapo kimefika. Kisha piga kabari ndogo ya mti mkavu kwa ule mpasuo wa ncha ya mpini, pale inapotokea kwa chuma. Na tafadhali msiloweke shoka kwa ndoo ya maji usiku ili kichwa kikaze, wengi wanafanya hivyo, asubuhi kinakaza kweli lakini nyuzi zimebanwa, maji yakitoka zinapungua kuliko zilivyokuwa na wiki ijayo kichwa kinaruka. Paka mafuta ya linsidi badala yake.

Kuni mbichi ama kavu? Blugamu ipasue mbichi, bila kungoja. Ikishakauka nzima inakuwa kama jiwe na nyuzi zake zimejisokota, hata shoka zuri linaruka juu yake. Blugamu mbichi iko na zawadi yake, mti ukiangushwa vichwa vya gogo vinaanza kupasuka vyenyewe kutoka kwa moyo kwenda nje, wakati mwingine siku hiyohiyo, kwa sababu mti ulikuwa umejibana ndani ukikua. Soma hizo nyufa kabla ya kuinua shoka na upige juu ya ufa, usitengeneze njia mpya. Gogo likiwa kubwa usianze katikati, menya kingo kwanza, toa kipande hapa na kipande pale ukizunguka, moyo unabaki mdogo na unapasuka wenyewe. Vifundo viache viwe upande wa chini, na pale matawi mawili yalipoachana kama panda ya manati, weka kando kabisa, hiyo ni kazi ya kabari za chuma na ile nyundo ya kilo nne. Na mwambie mtu wa pawa soo akukatie magogo mafupi, sentimita 35 ama 40, kwa sababu gogo refu ni ngumu kupasua na kwa jiko lako haliingii vizuri.

Weka gogo juu ya kigogo kingine kipana, kimo cha chini ya goti. Kama uko na tairi ya zamani ya gari, iweke juu ya hicho kigogo na gogo ndani yake. Vipande havirukii mbali, kijana hainami kila saa kuokota, na mgongo wake utakushukuru jioni.

Kitu kimoja nakuomba sana. Kisogo cha shoka si nyundo na si cha kugongwa na shoka lingine. Mwaka 2014 nilifanya hivyo, gogo lilikuwa limeshika shoka nikachukua la pili nikagonga kisogo cha la kwanza, kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele kikaingia mkononi na kikatolewa hospitali. Kingekuwa jicho ningekuwa nazungumza mambo mengine. Kijana avae miwani ya kukinga macho na buti ngumu, gambuti haizuii chuma, na watoto wakae mbali, si kwa mlango wa jikoni wakiangalia. Kabari za chuma pia zikianza kuota masharubu kwa kichwa kwa kugongwa, yapunguze na tupa, hayo masharubu ndiyo huruka.

Ukishapasua, panga kuni juu ya mbao mbili zisiguse udongo, mabati juu, pande wazi upepo upite. Pasua Desemba na Januari kabla mvua ya Machi ianze. Zitahitaji miezi kama mitano ama sita ziwe kavu sawasawa, ingawa zilizopasuliwa ndogo zinawahi. Utajua kavu ukigonganisha vipande viwili vikilia kama mbao, na maganda yakitoka yenyewe. Zikitoa povu na kufoka kwa ncha motoni bado, na huo moto unatumika kuchemsha maji ya kuni badala ya chai, halafu moshi wote unaingia kwa macho na kifua chako na cha wale wasichana wanaokusaidia. Mimi nauza kuni na hilo bado linaniuma, kuona mama anapikia kuni mbichi kwa sababu aliyemuuzia alikuwa na haraka.

Hilo shoka ulilonalo usilitupe, litakutolea matawi vizuri sana. Na kabla hujanunua mpini wa tatu nitumie picha ya ule uliovunjika, piga pale kwa mpasuko karibu, nione mistari ilikuwa imeelekea wapi.