Uvimbe wa kinena: si kila kinachotuna ni busha

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, niko Mikindani. Tunapiga chuma uani kwa rafiki yangu, na kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, nafika kilo 90. Mwezi wa pili sasa, nikinyanyua, kinena cha kulia kinatuna. Nikilala, uvimbe unarudi. Wazee wanasema busha limeanza, niache chuma. Kuna mtu anataka kunichanja chale anipe na dawa ya kupaka. Nikivaa mkanda wa kunyanyulia uzito naweza kuendelea?

JIBU: Marahaba. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni ngiri. Huku kwetu kusini watu wanachanganya ngiri na busha kila siku, na nimechoka kuona gharama yake. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na ukanda huu wa pwani chanzo chake kikubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mbu, kijana wangu. Si mzigo, wala si kunywa madafu kama wengi wanavyoamini. Mtu anakwepa dawa za matende na mabusha zinapogawiwa mtaani kwake, halafu anaogopa kubeba gunia la korosho!

Kwenye ngiri, ukuta wa tumbo una upenyo, wengine wamezaliwa nao, na utumbo unachomoza hapo. Ukibana pumzi chini ya kilo 90, shinikizo la tumbo linapanda na uvimbe unajitokeza. Kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni hufanya vilevile. Mkanda hauzibi upenyo. Kazi yake ni kulipatia tumbo kitu cha kusukumia ili mgongo ukae imara, basi. Simamisha uzito na uende hospitali ukapimwe. Ngiri huzibwa kwa upasuaji. Daktari akikuruhusu baadaye, anza upya na chuma kitupu, maana mazoezi haya yanajenga misuli na kuimarisha mifupa, na sitaki uyakose.

Na kama mnatumia makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yapimeni. Niliwahi kuweka jozi moja kwenye mizani: kopo moja kilo 17, la pili 21. Mwenye nayo alikuwa akilalamika mgongo upande mmoja tu.

Huyo wa chale mkatae. Wembe wake unakata ngozi, upenyo uko ndani kabisa, na dawa ya kupaka haiufikii. Anachokuachia ni kidonda na miezi iliyopotea. Wanaoletwa kwetu wamechelewa huwa na chale hizo kinenani, nyingine bado mbichi. Yeyote mwenye ngiri, awe mpiga chuma, mvuvi au mama wa nyumbani, ajue hili: uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, nawe ukaanza kutapika, utumbo umenyongwa na unaweza kuoza ndani ya saa chache. Usiukande, usiusukume kwa nguvu, usile kitu. Tafuta bajaji usiku huohuo.