Maswali ya Wasomaji: Meneja na Wafanyakazi Anaotaka Wabaki

Barua kadhaa tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja, yaani meneja anayewapoteza wafanyakazi wake wazuri na asijue la kufanya. Tumechagua nne, na kwa kuwa ya kwanza inagusa msingi wa mambo yanayofuata, tumeijibu kwa kirefu zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikuwa fundi wa mitambo kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo na kuwa msimamizi wa kitengo. Tangu wakati huo, mafundi watatu niliowategemea kuliko wengine wameacha kazi, na kila mmoja alinieleza kwamba amepata mshahara mnono zaidi kwingine. Ninafikiria kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Je, masomo hayo yatanisaidia kuwabakiza watu, au hili ni jambo la kipaji tu?

JIBU: Masomo yatakusaidia, ingawa huenda si kwa namna unayoitarajia, kwa sababu hakuna darasa litakalokupa kanuni ya kumzuia mtu asiondoke. Faida yake kubwa ni kukuzoeza kutoridhika na sababu ya kwanza unayopewa. Mafundi wako walitaja mshahara, na inawezekana kabisa kwamba walisema kweli. Lakini mshahara ndiyo sababu iliyo rahisi kuliko zote kuitaja mbele ya mkubwa wa kazi, kwa kuwa haimlaumu mtu yeyote na haimwekei mfanyakazi uadui na mtu ambaye kesho ataombwa kumdhamini kwa mwajiri mwingine. Unachopaswa kujiuliza ni kwa nini walianza kutafuta kazi nyingine, au kwa nini, walipopigiwa simu na mwajiri mwingine, walikubali kumsikiliza.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Lee na Terence Mitchell, walieleza kwamba si kila anayeacha kazi huwa amekaa akinung'unika kwa muda mrefu. Wengi huwa wanaendelea vizuri tu mpaka litokee jambo la kuwashtua, likawafanya waketi na kujiuliza wanafanya nini pale: kunyimwa cheo walichoahidiwa, kuhamishiwa kazi nyingine bila kuulizwa, kuuguliwa na mzazi, au kuletewa ofa ambayo wala hawakuitafuta. Kwa hiyo ningekushauri uchukue karatasi na kuandika, kwa kila mmoja wa mafundi wale watatu, yaliyotokea kazini katika miezi michache kabla hajaleta barua yake. Je, yupo aliyebadilishiwa zamu bila maelezo? Yupo aliyewafundisha vijana wapya, kisha mmoja wao akapewa nafasi aliyokuwa akiitarajia? Yupo aliyeomba likizo kwa shida ya nyumbani akajibiwa kwamba kazi ni nyingi? Ukiona karatasi imebaki tupu, hilo nalo ni jibu, maana linaonyesha kwamba hukuwa karibu nao kiasi cha kuyajua mambo yao.

Katika masomo hayo utakutana mapema na jina la Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano waliyofanya na wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, ambao waliombwa wasimulie wakati walioifurahia kazi yao kupita kiasi na wakati walioichukia. Waliposimulia furaha, walitaja zaidi kufanikisha jambo gumu, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana na kazi yenyewe. Waliposimulia karaha, walitaja zaidi taratibu za kampuni, usimamizi mbaya, mshahara na mazingira ya kazi. Herzberg akahitimisha kwamba kuondoa yanayokera hakutoshi kumfanya mtu aipende kazi yake. Wapo waliompinga kwa hoja nzito kwamba binadamu yeyote hujisifia mafanikio yake na kuwabebesha wengine lawama za kushindwa kwake, na mimi naona hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mgawanyo wake unamfaa sana meneja mchanga, kwa kuwa unamzuia kudhani kwamba kila ugonjwa wa kazini una dawa moja.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo sitaki lipite. Ulikuwa fundi, na bila shaka fundi hodari, ndiyo maana ukapandishwa. Msimamizi wa namna hiyo ana kishawishi kikubwa: mtambo unapogoma na kila mtu kushindwa kuujua ugonjwa wake, yeye hukunja mikono ya shati, huufungua mwenyewe, na fundi wake aliye mahiri kuliko wote hubaki amesimama pembeni akimpa spana. Msimamizi huamini kwamba amesaidia, na kweli mtambo umewaka. Lakini ile sehemu ya kazi iliyokuwa na utamu, ambayo ingempa fundi yule nafasi ya kufikiri, kujaribu na kujivunia, imechukuliwa na mkubwa wake, naye ameachiwa kubadilisha mafuta na kujaza fomu. Hali hii ikijirudia miezi kadhaa, ofa yoyote kutoka nje itamkuta amekwisha kuchoka. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwako, lakini nakuomba ujichunguze hapo kabla ya mahali pengine popote.

Kuhusu shahada yenyewe, usikimbilie. Tangu Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanza kuitoa mwaka 1908, imeenea duniani kote, na wapo wanaoikosoa kwa haki. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, ambaye alijipatia jina kwa kukaa na mameneja na kuandika walichokuwa wakikifanya siku nzima, amesisitiza kwamba darasa haliwezi kumfanya meneja mtu ambaye hajawahi kusimamia chochote, bali linamfaa yule anayekuja na maswali ya kazini kwake. Wewe una maswali hayo. Anza na kozi fupi ya usimamizi wa watu huku ukiendelea na kazi, uyapime unayofundishwa kwa mafundi waliobaki, na shahada uiombe ukishajua ni sehemu gani hasa unapungukiwa.

SWALI: Mhasibu wangu bora ameniletea barua ya ofa kutoka kampuni nyingine na kuniambia kwamba nikimpa kiasi hichohicho atabaki. Nimwongeze?

JIBU: Linganisha kwanza mshahara wake na ule unaolipwa kwa kazi kama yake kwingine, na pia na ule wa wenzake walioko ndani. Tangu J. Stacy Adams alipoandika juu ya haki katika malipo mwaka 1963, imefahamika kwamba mtu haupimi mshahara wake kwa ukubwa tu. Anaangalia anachokitoa na anachokipata, kisha anatazama mwenzake anatoa nini na anapata nini. Ikiwa umekuwa ukimpunja, mwongeze, na uwaongeze wote walio katika hali yake hata kama hawajaleta barua. Ukimwongeza yeye peke yake, habari zitafika kwa wengine, kwa maana siri ya mishahara haidumu ofisini, nao watakuwa wamejifunza kwamba hapo kwako nyongeza huletwa na barua ya kutoka nje. Kama unamlipa kwa haki na huna uwezo zaidi, mwambie ukweli, mwage kwa heshima, na umwachie mlango wazi.

Wanaosema kwamba fedha haibakizi watu wanapaswa kuukumbuka mfano wa Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani. Mwaka 1913, wakati kiwanda chake kilipoanza kutumia mkanda unaosogeza magari mbele ya wafanyakazi, kiwango cha watu kuacha kazi kilifikia asilimia 370, yaani katika mwaka mmoja kila nafasi ilikuwa ikijazwa upya karibu mara nne. Kazi ilikuwa kurudia kitendo kilekile mchana kutwa, na watu hawakuivumilia. Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban maradufu ya waliyokuwa wakipata, na akapunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Kufikia mwaka 1915 kiwango kile kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 16. Malipo yale yalikuja na masharti mazito, ikiwemo wakaguzi waliotumwa majumbani kuchunguza mwenendo wa wafanyakazi, jambo ambalo simshauri mwajiri yeyote aliige. Ninachotaka ukione ni kwamba nyongeza ile ilitolewa kwa maelfu kwa pamoja, kwa uamuzi wa mwajiri mwenyewe, na haikungoja mtu mmoja mmoja aje kuidai akiwa ameshika ofa mkononi.

SWALI: Taasisi yetu ni ndogo na bajeti haituruhusu kuongeza mishahara wala marupurupu. Tufanye nini ili watu wasituhame?

JIBU: Itazameni kazi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, Richard Hackman na Greg Oldham walitaja mambo matano yanayoipa kazi thamani machoni pa anayeifanya: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuikamilisha kazi kutoka mwanzo hadi mwisho, kuona inawafaa watu wengine, kuwa na uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na kupata habari za jinsi ilivyokwenda. Mengi kati ya hayo hayahitaji bajeti. Chukua mfano wa mtunza stoo ambaye hawezi kutoa hata boksi la karatasi bila saini ya wakubwa wawili, mmoja akiwa kwenye kikao hadi alasiri na mwingine akiwa safarini. Wanaohitaji vifaa wanamgombeza yeye, wakati mwenye uwezo wa kuondoa kero ile ni mwingine. Mpeni kiwango anachoweza kukitoa kwa saini yake mwenyewe, mkikague mwisho wa mwezi, na mtakuwa mmemwondolea udhia wa kila siku na kumwonyesha kwamba mnamwamini.

Jambo la pili ni mazungumzo ya mara kwa mara kati ya kila msimamizi na kila mtu aliye chini yake, nusu saa tu, mbali na tathmini ya mwaka. Msimamizi asiulize kama kuna tatizo, kwa sababu atajibiwa kwamba hakuna. Aulize ni kitu gani kilichomkwamisha mfanyakazi wiki iliyopita, na ni kazi gani angependa kujifunza kabla mwaka haujaisha. Kisha atekeleze walau jambo moja kati ya aliyoyasikia, maana kumuuliza mtu na kutofanya lolote ni kubaya kuliko kutomuuliza kabisa. Lakini nisiwafiche: ikiwa mishahara yenu haimtoshi mtu kuishi, haya yote yatachelewesha tu kuondoka kwake, na mwajiri mwaminifu hayatumii maneno mazuri kuziba pengo la malipo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa menejimenti na nimechagua kuandika utafiti wangu kuhusu kubaki kwa wafanyakazi katika kampuni moja. Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo akisema kwamba sijaonyesha nitapima nini. Naomba mwongozo.

JIBU: Msimamizi wako ana haki. Kipimo cha kawaida ni kuchukua idadi ya walioondoka katika mwaka, kuigawa kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi wa mwaka huo, na kuzidisha kwa 100. Kampuni yenye wastani wa watu 120 ikipoteza watu 18, kiwango chake ni asilimia 15. Tarakimu hiyo peke yake haina maana kubwa mpaka uifumue. Tuseme wanne kati yao walistaafu au kufukuzwa. Waliobaki 14 ndio walioondoka kwa hiari, nao ni chini kidogo ya asilimia 12. Tuseme tena kwamba 9 kati ya hao 14 waliondoka kabla ya kutimiza mwaka. Hapo utafiti wako umekwisha kupata mwelekeo, kwa kuwa mtu anayeondoka mapema hivyo mara nyingi ameikuta kazi tofauti na aliyoelezwa kwenye usaili, au ameachwa ajitafutie njia katika wiki zake za kwanza bila wa kumwelekeza. Yule anayeondoka baada ya miaka sita ana habari nyingine kabisa, na ukiwachanganya hao wawili katika wastani mmoja utapata jibu lisilomhusu hata mmoja wao. Angalia pia ni idara zipi zinazopoteza watu zaidi; kama kampuni ni moja, mishahara ni ileile, na idara moja tu ndiyo inayovuja, sababu itafute kwa anayeiongoza.

Wanafunzi wengi huishia kuwahoji walioondoka pekee. Mwanauchumi Albert Hirschman alionyesha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba uaminifu wake kwa taasisi yake ndio humfanya avumilie na kusema kabla ya kuondoka. Kwa hiyo wahoji na waliobaki: ni nini wangekipoteza wakihama, ni nani wangeachana naye kazini, na mara ya mwisho walipotoa malalamiko yao yalifika wapi. Swali la kwanza na la pili yametokana na kazi ya Mitchell na wenzake ya mwaka 2001 juu ya yanayomfunga mtu na kazi yake, nayo itakufaa katika sura ya nadharia. Mahojiano hayo yafanye mwenyewe, mbali na ofisi ya mkuu wa idara, na uipatie kampuni matokeo ya jumla bila majina. Katika idara yenye watu wanne au watano, usitaje hata cheo, kwa kuwa mkuu wao atamtambua aliyesema.