Kidole kinachofunga na kupasuka tena

Pole sana dada. Umeandika kuwa mumeo alichomwa na mwiba wa samaki mwezi wa pili, ametumia dozi tatu za antibayotiki, na hadi leo kidole chake cha shahada kinafunga wiki mbili kisha kinatoa usaha palepale. Mimi ningeshuku wadudu wameingia kwenye mfupa. Kipande cha mfupa kikishakufa hakifikiwi na damu, na dawa husafiri kwa damu. Ndiyo maana vidonge vinatuliza juu tu huku wadudu wamejificha ndani.

Usinunue dozi ya nne dukani. Nendeni kwa daktari wa mifupa, kidole kipigwe eksirei. Kama ile ya mwanzo ilisomeka safi isiwatulize, kwani mabadiliko ya mfupa huchukua wiki mbili au zaidi kuonekana. Mara nyingi husafishwa kwa upasuaji, na hapo mwombe kipande cha mfupa kipelekwe maabara ili wadudu waoteshwe na kutambuliwa, pamoja na kipimo cha TB, maana TB nayo hukaa kwenye vidole. Kupima usaha wa juu ya ngozi tu hudanganya. Baada ya hapo dawa huwa za wiki sita hivi.

Apime sukari pia, na kama anavuta sigara, aache, huchelewesha kupona. Kukanda kwa maji moto au mafuta, hapana (najua mama mkwe atasisitiza).

Kidole kizima kikivimba na kikawa hakinyooki, au wekundu ukipanda mkononi pamoja na homa, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo.